Redio tatu, hedifoni moja: kisanduku cha swichi na muungurumo wa kompyuta

"Mtaalamu, shikamoo. Usiku huwa nawinda stesheni za mbali kwenye masafa mafupi na masafa ya kati. Mezani nina redio tatu: ndogo ya betri yenye tundu la hedifoni, risiva ya mezani ya volti 12 ambayo ina tundu la spika ya nje tu, na redio ya zamani ya valvu (taa za kioo) ya marehemu babu. Nimechoka kuchomoa na kuchomeka, hivyo nilinunua vigawio viwili vya Y, vile vya simu, nikaunganisha zile mbili za kwanza kwenye hedifoni moja na kwenye kompyuta mpakato ya kurekodia. Sauti imepungua, risiva imekuwa ya moto mgongoni, na kompyuta ikiwa kwenye chaja nasikia muungurumo mzito pamoja na kelele zinazofunika stesheni hafifu. Mmoja ameniambia nikate pini ya ardhi ya chaja. Mwingine anasema ninunue waya mnene wenye pini za dhahabu. Ningependa kutengeneza kisanduku cha swichi mwenyewe, na kulehemu najua kiasi. Nianzie wapi, na redio ya babu nayo iingie?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza kabisa, vichomoe hivyo vigawio leo hii, na redio ya babu usiiunganishe na kitu chochote kinachogusa kichwa chako mpaka usome maneno yake huko mwisho. Mengine yote yanaweza kungoja.

Una shida tatu ambazo zimekuja siku moja zikaonekana kama moja. Sauti kupungua na risiva kupata moto ni ya kwanza. Muungurumo ni ya pili. Kelele juu ya stesheni hafifu ni ya tatu. Kila moja ina chanzo chake, na swichi, hata iwe nzuri namna gani, inatibu ile ya kwanza tu. Wengi hutengeneza kisanduku safi kabisa, wakakuta muungurumo uko palepale, wakaitupa swichi isiyo na kosa.

Tuanze na vigawio. Kigawio cha Y kimetengenezwa kwa kazi moja: chanzo kimoja cha sauti, masikio ya watu wawili. Wewe umekigeuza, vyanzo viwili vikaingia kwenye hedifoni moja. Amplifaya ya mwisho ya redio ina ukinzani mdogo sana wa ndani, mara nyingi chini ya omu moja, na ndiyo maana inaweza kuisukuma spika. Kwa hiyo risiva yako inapotoa sauti, hedifoni ya omu 32 kwake si kitu. Inakutana na amplifaya ya redio ndogo, ambayo kwake ni karibu sawa na shoti. Mkondo unakimbilia huko badala ya kwenda masikioni. Kupunguza sauti ya redio ya pili hakusaidii, kwa sababu amplifaya yake bado imewashwa na inaushikilia waya ule kwenye sifuri. Risiva ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizo mbili, ndiyo iliyobeba mzigo, ndiyo iliyopata moto. Kanuni ya kisanduku chako iwe hii: kichague, kisiunganishe. Wakati wowote, sikio moja lipokee kutoka redio moja tu.

Lakini moto huo unaweza kuwa na sababu ya pili, na hii lazima uipime kabla ya kununua hata rezista moja (kipande cha kupunguza mkondo). Baadhi ya amplifaya hazina upande wa negativu kwenye spika. Nyaya zote mbili za spika zinasukumwa, moja ikipanda nyingine ikishuka, na zote zinakaa kwenye karibu nusu ya volti za umeme unaoingia. Chipu (IC) ya TDA7052 iliyojaa kwenye redio ndogo hufanya kazi hivyo, na TDA2822M inaweza kuungwa hivyo pia. Ukiunganisha waya mmoja wa spika ya namna hiyo na ardhi ya pamoja ya kisanduku, umepiga shoti nusu ya amplifaya. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), washa redio, na upime kati ya shina la tundu la sauti, yaani ile sehemu ya nyuma ya pini, na negativu ya betri au ya umeme unaoingia. Ukipata sifuri, uko salama. Ukipata kama volti 6 kwenye risiva ya volti 12, au karibu volti 3 kwenye redio ya betri nne, hiyo ni amplifaya ya aina hiyo, na njia yake ya kuingia kisandukuni ni kupitia transfoma tu, ambayo nitaieleza. Rudia kipimo kwa kila redio. Ni kazi ya dakika mbili na imeokoa IC nyingi.

Sasa kisanduku chenyewe. Usitumie swichi moja kuchagua redio kwa masikio yote mawili pamoja. Weka mbili, moja kwa kila sikio, na ya tatu kwa ajili ya kurekodi. Faida yake utaiona usiku wa kwanza. Stesheni nyingi za kimataifa hurusha kipindi kimoja kwenye masafa mawili au matatu kwa wakati uleule. Unapokuwa na sauti hafifu isiyojitaja kwenye redio moja, nyingine unaiweka kwenye masafa unayoyashuku, sikio la kushoto hapa, la kulia pale. Maneno yakienda pamoja, hata moja likichelewa kidogo kama mwangwi, umeshaitambua stesheni bila kungoja itaje jina. Kwenye masafa ya kati hali kadhalika: saa kamili inapokaribia, ambapo stesheni nyingi hujitaja, unaweza kulinda masafa mawili kwa pamoja. Hakuna kigawio kitakachokupa hilo.

Tafuta swichi tatu za kuzungusha. Inayopatikana kirahisi ni yenye njia tatu na vituo vinne. Utatumia njia moja tu kwa kila swichi. Vituo viwe: zima, redio ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, muulize muuzaji kama ni ile inayoachia kituo cha nyuma kabla ya kugusa cha mbele. Ipo aina nyingine inayogusa vyote viwili kwa kitambo kidogo wakati wa kuzungusha, na hiyo inarudisha kosa lilelile la kigawio, japo kwa sekunde kidogo. Kama muuzaji hajui, pima mwenyewe: mita kwenye kipimo cha mlio, ncha zake kwenye vituo viwili vya jirani, kisha uzungushe polepole sana. Ukisikia mlio katikati, rudisha, omba nyingine. Hata ukiwa na swichi sahihi, weka rezista ya omu 10 kwenye kila njia inayoingia kutoka redioni, kabla ya swichi. Swichi za kuzungusha huchakaa, na njia mbili zikigusana siku moja, kutakuwa na omu 20 kati ya amplifaya hizo.

Kwa redio ndogo, tumia waya wenye pini ya stereo, yaani ya sehemu tatu, hata kama unahitaji upande mmoja tu. Lehemu ncha na shina, pete ya katikati iache wazi. Ukichomeka pini ya mono ya sehemu mbili kwenye tundu la stereo, shina lake refu linagusa pete na kuupiga shoti upande wa kulia wa amplifaya kwa muda wote. Hupotezi chochote kwa kuchukua upande mmoja: kwenye masafa mafupi na ya kati pande zote mbili hutoa sauti ileile. Baada ya tundu la kuingizia kisandukuni, kati ya njia ya sauti na ardhi, weka rezista ya kiloomu 1. Kazi yake ni kuzuia ule mshindo wa "tup!" unapozungusha swichi. Redio nyingi hutoa sauti kupitia kapasita, kifaa kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Redio isipokuwa na mzigo wowote, volti kidogo hujikusanya upande wa nje wa kapasita hiyo, na ukiigusisha na hedifoni zinamwagika zote sikioni kwa mpigo. Kiloomu 1 huzimwaga taratibu kabla hujafika.

Risiva ya mezani inahitaji uangalifu zaidi, maana tundu lake ni la spika. Wati 2 kwenye spika ya omu 8 ni volti 4. Volti 4 hizo ukizipeleka moja kwa moja kwenye hedifoni ya omu 32, ni nusu wati sikioni, na hedifoni za kawaida hutosheka kwa miliwati moja. Radi ikipiga jirani wakati umeongeza sauti kutafuta stesheni hafifu, utaumia. Weka rezista ya omu 220 ya nusu wati kwenye njia ya sauti, kisha omu 22 kutoka hapo hadi ardhi. Volti 4 zitashuka hadi karibu 0.36, na kelele ya amplifaya yenyewe itashuka pamoja nazo, jambo utakalolifurahia ukiwa unasikiliza kitu kilichozama. Hiyo omu 22 inafanya pia kazi ya ile kiloomu 1, kwa hiyo upande huu usiiweke.

Baada ya swichi ya kila sikio, weka omu 47, halafu tundu la hedifoni: sikio la kushoto kwenye ncha, la kulia kwenye pete, shina kwenye ardhi. Ukipenda, weka na diodi mbili za 1N4148 zilizogeukiana kinyume kati ya njia ya kila sikio na ardhi, baada ya omu 47. Sauti ikivuka kama volti 0.6 zinaikata kilele. Kwa sisi tunaosikiliza katika msimu wa mvua za radi, diodi hizo nne ni bei ndogo sana kwa afya ya masikio. Ukisikia sauti inakwaruza kwenye vilele, maana yake unasikiliza kwa nguvu kupita kiasi. Punguza redio, usiondoe diodi. Ukitaka kirekebishi cha sauti kwa kila sikio, kiwe cha omu 470 au 500, kabla ya omu 47. Watu huweka cha kiloomu 10 kwa sababu ndicho kilichopo kabatini, kisha wanashangaa sauti inakuja yote kwenye robo ya mwisho ya mzunguko: ukinzani wa kiloomu kadhaa mbele ya hedifoni ya omu 32 unaimeza sauti yote.

Jambo moja la kutegemea: ukiweka redio mbili tofauti masikioni, utasikia kwa mbali ile ya kushoto ikivuja kulia. Hedifoni nyingi hurudisha pande zote mbili kwa waya mmoja mwembamba wa pamoja, na omu moja tu ya waya huo inatosha kuvujisha sehemu moja kati ya 30 ya sauti. Hujakosea popote. Ukikereka, kata pini ya hedifoni, uone kama nyaya za pande mbili zinakuja zikiwa nne. Kama ni nne, zile mbili za ardhi ziunganishe ndani ya kisanduku badala ya ndani ya pini.

Kuhusu kisanduku, kopo la biskuti la bati linafaa kuliko plastiki, kwa sababu linazuia mvumo wa umeme wa nyumbani na linakubali lehemu. Kwaruza rangi mpaka bati ling'ae. Ardhi zote za ndani zikutane mahali pamoja, kwenye tundu la hedifoni, si kila moja ijishike ilipo. Nyaya za kwenda redioni ziwe zenye ngao (wavu wa nyaya unaouzunguka waya wa ndani), mita moja au chini ya hapo, na usifungashe waya wa sauti pamoja na waya wa umeme.

Sasa muungurumo. Ndani ya chaja ya kompyuta, kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti ndogo, kuna kapasita ndogo iliyowekwa makusudi kunyamazisha kelele za chaja yenyewe. Pini ya ardhi ikifanya kazi, kinachopita kwenye kapasita hiyo kinazama ardhini. Pini isipokuwepo, au soketi ya ukutani ikiwa na tundu la tatu ambalo nyuma yake halikuunganishwa waya, jambo la kawaida sana majumbani mwetu, bodi ya kompyuta, yaani mwili wake wa chuma, inaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo mno, ndiyo maana huhisi zaidi ya kutambaliwa na sisimizi unapopitisha kidole juu ya chuma cha kompyuta. Ila mkondo huo unatafuta ardhi, na wewe umeupa njia: ngao ya waya wa sauti, hadi kwenye redio, hadi kwenye antena na fimbo yake ya ardhini au kwenye umeme wa risiva. Waya huohuo ndio njia ya kurudi ya sauti yako. Milivolti chache zinazojitokeza juu yake zinajumlishwa kwenye sauti, na tundu la maikrofoni la kompyuta, lililotengenezwa kupokea milivolti chache, linazikuza kwa bidii zote. Huo ndio muungurumo wa hezi 50 na ndugu zake wa 100 na 150.

Ukishaona njia hiyo, ushauri ulioupata unajijibu. Waya mnene unapunguza milivolti kidogo, lakini mzunguko bado upo. Dhahabu haipati kutu, kwa hiyo ukiwa pwani kwenye hewa ya chumvi pini za dhahabu zina maana yake, ila muungurumo haziujui. Na kukata pini ya ardhi, hapana kabisa. Pini hiyo ndiyo itakayoangusha fyuzi siku chaja itakapoharibika ndani; ukiikata, umeme huo utangoja mtu wa kuupitia, na mtu mwenyewe atakuwa amevaa hedifoni. Tena ukiikata, bodi ya kompyuta ndipo inaelea zaidi, muungurumo ukaongezeka.

Tiba ni kukata mzunguko wa umeme huku sauti ikiendelea kupita, na chombo chake ni transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600. Sauti inavuka kwa sumaku, waya haugusani na waya. Huna haja ya kuagiza mbali: modemu za zamani za simu za mezani na mashine za faksi zina transfoma hizo, na mafundi wanazo kwenye masanduku ya vyuma chakavu. Zinapitisha vizuri sauti ya maongezi, na redio ya masafa mafupi haina mengi zaidi ya hayo. Ipime: kila upande usome makumi ya omu hadi mia na kitu, na kati ya pande mbili pasisome chochote. Njia nyingine ni kununua kile kisanduku kidogo cha kuondoa mvumo kwenye redio za magari, chenye pini za milimita 3.5, ndani yake kuna transfoma mbili za aina hiyohiyo. Kwa mtu asiyetaka kulehemu sana, hicho kinatosha kabisa, na sioni aibu yoyote kukitumia.

Mpangilio wa upande wa kurekodi ni huu, na utaratibu wake una maana. Kutoka swichi ya tatu, nenda moja kwa moja kwenye transfoma. Upande wa pili wa transfoma, weka kiloomu 10 kwenye njia, kisha kiloomu 1 kutoka hapo hadi waya wa pili wa transfoma, kisha kapasita ya maikrofaradi 1, kisha tundu la kutolea. Rezista hizo zinaipunguza sauti mara 11, milivolti 200 zikawa 18, kiwango ambacho tundu la maikrofoni linaweza kukivumilia. Ukiziweka kabla ya transfoma badala ya baada, transfoma italishwa kupitia ukinzani mkubwa na sauti nzito zitapungua. Kapasita inazuia volti 2 au 3 ambazo kompyuta hutoa kulisha maikrofoni. Ikiwa ni ya elektroliti, upande wake wa chanya uelekee kompyuta. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu moja la sehemu nne kwa hedifoni na maikrofoni, na huwa ngumu kuitambua njia isiyo maikrofoni ya kweli. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu lake la maikrofoni, uepuke usumbufu. Na kama rekoda yako ina tundu lililoandikwa LINE, ondoa kiloomu 10 na kiloomu 1. Huko sauti inaingia ikiwa nzima.

Hapa ndipo kosa linaloharibu kazi nzuri hutokea. Tundu la kutolea la upande wa kompyuta lisiguse bati la kisanduku. Matundu yenye shingo ya chuma hushika ardhi ya kisanduku mara tu unapokaza nati, na transfoma yako yote inarukwa kwa milimita mbili za chuma. Tumia tundu la plastiki, au toboa tundu kubwa zaidi na uvishe mpira. Kisha pima: kati ya shina la tundu hilo na bati pasisome kitu.

Kelele juu ya stesheni hafifu ni habari nyingine. Hizo si sauti. Ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye chaja na kompyuta, yakapanda ngao ya waya wa sauti, yakaifanya ngao hiyo kuwa sehemu ya antena yako. Dalili yake: ukichomoa waya wa kurekodi, stesheni inainuka kutoka kwenye matope, au muungurumo unasikika pale tu unapokuwa juu ya stesheni na kupotea ukisogea pembeni. Muungurumo wa ardhi niliouelezea kwanza haujali upo masafa gani, na unabaki hata ukipunguza sauti ya redio hadi mwisho. Transfoma inayapunguza mawimbi hayo, ila haiyamalizi, kwa sababu yanaruka kati ya nyaya zake zilizolaliana. Ongeza feraiti, yale mafundo meusi ya kwenye nyaya za skrini za kompyuta za zamani. Kuupitisha waya mara moja ndani yake ni kidogo mno kwa masafa yetu. Nguvu ya feraiti hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko: mitatu ni mara tisa, mitano ni mara 25. Tafuta yenye tundu pana, zungusha waya wa sauti mara tano au sita karibu na kompyuta, na nyingine uifanyie hivyohivyo kwenye waya wa chaja. Kwa masafa ya kati utahitaji mizunguko mingi zaidi kuliko kwa masafa mafupi.

Nikwambie ukweli, kama unachotaka ni rekodi ya dakika kumi ya kutuma pamoja na ripoti ya mapokezi ili upate kadi ya QSL (kadi ambayo stesheni hukutumia kuthibitisha kwamba umeisikia), kinasa sauti kidogo cha betri kinaondoa muungurumo na kelele za chaja kwa mkupuo mmoja, bila transfoma wala feraiti. Kompyuta ina faida unapotaka kurekodi usiku kucha. Hata hapo, saa kamili inapokaribia, chomoa chaja uendeshe kwa betri kwa dakika kumi: tano kabla, tano baada, ambapo stesheni nyingi hujitaja. Usisahau kuandika muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma ya saa za Afrika Mashariki.

Ukimaliza kulehemu, usiwashe vyote kwa pamoja. Anza na mita, kila swichi kwenye zima: kati ya matundu matatu ya kuingizia, ncha kwa ncha, usipate chini ya kiloomu 1. Kisha redio ndogo peke yake, hedifoni zikiwa mezani, si kichwani. Kisha risiva peke yake kwa dakika kumi, ukigusa mgongo wake. Usipate moto kuliko kawaida. Kisha zote mbili. Kompyuta iingie mwisho, kwanza kwa betri, kisha kwa chaja. Kila hatua ikileta jambo jipya, utajua limeletwa na nani. Kompyuta ikiwa kwenye chaja na muungurumo ukabaki licha ya transfoma, mwite fundi umeme apime ardhi ya soketi yako. Hiyo haihusu redio tena, inahusu nyumba na watu waliomo.

Sasa redio ya babu. Kati ya redio za valvu zilizoingia kwetu kuna ambazo hazina transfoma ya umeme: waya mmoja wa ukutani umeshikamana na chasisi yenyewe, ile fremu ya chuma ya ndani. Ukigeuza plagi vibaya, chasisi nzima ni volti 230, na hedifoni yoyote iliyoungwa nayo inazileta kichwani. Hata zile zenye transfoma zina volti 150 hadi 250 za DC kwenye valvu, na kapasita zilizozeeka kwa miaka 60 zinaweza kuzivujisha mahali zisipostahili. Mita ya kawaida na makala kama hii havitoshi kuamua. Ipeleke kwa fundi aliyewahi kushika redio za valvu, mwombe akuambie mambo mawili: kama chasisi imetengwa na umeme wa ukutani, na kama transfoma ya kutolea sauti ni nzima na haijavuja. Akithibitisha yote mawili, aweke yeye mwenyewe tundu kutoka upande wa spika wa transfoma hiyo, na spika ibaki imeungwa au badala yake omu 8 ya wati 5, kwa kuwa amplifaya ya valvu ikikosa mzigo inaweza kuunguza transfoma yake. Kutoka hapo inaingia kisandukuni kwa rezista zilezile za omu 220 na 22 kama risiva, pamoja na transfoma ya 600 kwa 600 kati ya rezista hizo na swichi. Mambo hayo mawili yasipothibitishwa, kituo cha tatu kiache wazi. Redio hiyo isikilize kwa spika yake, na ukitaka kuirekodi, weka kile kinasa sauti cha betri mbele ya kitambaa cha spika, kama sentimita 30, feni ikiwa imezimwa.